Gundi Haijakauka

Nchi yenyewe jina lake nimelisahau kwa hiari yangu. Ukinibana sana nitakuonyesha upande ilipo kwa kidevu, maana mikono bado naihitaji. Nilipita huko na gurudumu langu la kunolea visu, nikakaa kuliko nilivyokusudia, na haya ninayoandika niliyaona kwa macho haya haya, ambayo wakati naingia yalikuwa mazima.

Kwanza niseme ukweli usije ukadhani nina chuki: ile serikali iliwapenda watu wake. Iliwapenda mpaka ndani ya nyumba, mpaka chini ya kitanda.

Mkuu wa nchi aliitwa Mpambaji Mkuu. Hakuzaliwa na jina hilo. Zamani alikuwa na jina la kawaida kama langu na lako, ila alisafiri ughaibuni kuomba mahindi, akalazwa hotelini, na kwenye hoteli ile akaona taa iliyotengenezwa kwa chupa ya plastiki, imekatwakatwa na kukunjwa kama ua la yungiyungi. Wanasema alilia. Mahindi akayasahau, taa akaikumbuka. Aliporudi akaita watu uwanjani.

"Wananchi!" akasema. "Mnajua kwa nini sisi maskini? Kwa sababu tunatupa! Mwenzetu akila biskuti anabaki na ua. Sisi tukila biskuti tunabaki na njaa. Kuanzia leo, kopo si kopo, boksi si boksi, chupa si chupa. Ni mapambo! Na asiyependa mapambo hapendi nyumba yake, na asiyependa nyumba yake anapenda nini? Si nyumba ya adui?"

Watu wakapiga makofi, kwa sababu nyuma yao walisimama askari wa kuwakumbusha.

Basi Wizara ya Mapambo ya Nyumbani ikaunganishwa na ile ya Ulinzi. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwa upole kwamba zote mbili kazi yake ni kuingia majumbani mwa watu, sasa ya nini kuhangaisha magari mawili? Waziri akawa Jenerali Mkwaju, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye mabega yake yalibeba nyota zilizokatwa kwenye makopo ya samaki. Harufu haikumtoka kabisa, ila hakuna aliyewahi kuinusa.

Sheria zilikuwa rahisi, hata mimi niliyesoma kwa kuchungulia dirishani nilizielewa. Kila chumba kiwe na pambo lililotokana na kifungashio. Ukuta mtupu ni uchochezi. Ua la udongoni ni uhaini, kwa sababu linanyauka, na serikali hainyauki. Hospitali haikuwa na dawa, lakini ilikuwa na mapazia mazuri ya paketi za dawa, na mgonjwa alikufa huku anasoma majina ya vitu ambavyo vingemponya.

Askari wa Mapambo walizunguka mtaa kwa mtaa. Marungu yao yalikuwa yamevikwa karatasi za peremende, nyekundu na za kijani na za dhahabu, ili anayepigwa naye apate cha kutazama. Nilimwona mzee mmoja akivunjwa mguu kwa sababu ya msumari uliokaa ukutani bila kitu. Alilia sana. Lakini karatasi zilimeta, siwezi kusema uongo.

*

Shida ikatokea pale ambapo hakuna aliyeitegemea, yaani dukani. Ili upate kopo tupu sharti kwanza liwepo kopo lililojaa. Na malori yaliyokuwa yakileta unga na mafuta sasa yalikuwa yakizungusha mapambo ya mikoani kwenye maonyesho. Maduka yakabaki na rafu. Sheria ikabaki vilevile.

Nilimwona mwanamke akimwaga maziwa ya mtoto kwenye mtaro, apate kopo kabla askari hawajafika nyumba ya tatu. Siku nyingine pale sokoni lilidondoka boksi la sabuni kutoka kwenye mkokoteni. Tupu. Watu walilirukia kama kuku wanavyorukia kumbikumbi. Shavu la muuza dagaa lilipasuliwa kwa mfuniko wa bati, meno yakaonekana bila yeye kucheka. Fundi viatu aliyeliwahi boksi alikanyagwa mpaka akatulia, amelikumbatia. Askari walipofika walivua kofia wakasema huyu amekufa shujaa, akilinda kifungashio. Kisha wakamfumbua mikono, mkono wa kulia ukalia kah, wakaondoka na boksi.

Hapo ndipo watu walipoamua kuandamana. Nao hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanaimba tu: "Tunaomba unga, tupate mfuko!"

Mimi nilikuwa barazani kwa Bi Siwatu, mjane mpika vitumbua, aliyeniruhusu kuweka gurudumu langu kwake kwa sharti la kumnolea mkasi na kufunga mdomo. Vitumbua vyenyewe alikuwa hapiki tena, mchele ulishakuwa hadithi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Pazi, fundi baiskeli, kijana mrefu mwenye utani mwingi. Pazi alipita pale ameshika kipande cha boksi alichokiandika kwa mkaa.

"Mama, nimepamba?" akauliza.

"Upande mmoja," mama yake akajibu. "Nyuma kutupu. Rudi ulete rangi."

"Nyuma nani anaangalia? Risasi?"

Ndiyo iliyoangalia. Walirushiwa kwanza mabomu ya machozi, makopo yanaruka na mkia wa moshi kama vyura wenye ndevu, kisha zikaja risasi. Mwalimu wa kwaya aliyekuwa mbele alipigwa shingoni katikati ya wimbo, na waliokuwa nyuma wakamalizia ubeti kwa mazoea huku wanakimbia. Pazi hakupigwa risasi. Alikamatwa kwa kosa lake mwenyewe: kubeba hadharani boksi lisilopambwa upande mmoja. Akapelekwa Nyumba ya Urembo.

Nieleze hiyo Nyumba, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani ni saluni. Waliofungwa humo walikata makopo kwa mikono mitupu kutengeneza mapambo ya ofisi za serikali. Na kila mmoja, siku ya kuingia, alipewa boksi lake mwenyewe alipambe. Ubandike makaratasi, uweke maua ya vizibo, mzunguko wa utepe. Boksi likikamilika, kazi yako imekamilika, na wewe pia. Nguo zako na viatu vyako vinawekwa humo, boksi linaletwa kwa mama yako alipange sebuleni. Hakuna familia iliyowahi kuletewa mwili. Mwili hauna kifungashio.

*

Afisa wa Mapambo wa mtaa ule aliitwa Kondo. Si mtu mbaya. Alipenda kanuni tu, kama mwingine anavyopenda chai. Alikua mtaani pale pale, amekula vitumbua vya Bi Siwatu tangu hajaota meno ya mbele, na hajawahi kumpiga mtu mzima bila kumwamkia kwanza. Alifika siku ya pili mvua inanyesha.

"Shikamoo, mama Pazi."

"Marahaba, Kondo. Umekuja kupiga au kusalimia?"

"Vyote, mama, ila kwa mpangilio."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo. Anapamba boksi lake."

Bi Siwatu akakaa chini palepale kwenye maji. "Amefikia wapi?"

Kondo akaangalia huku na huku, akainama. "Ameshabandika yote, mama. Mikono yake myepesi, si unamjua. Ila gundi haijakauka. Ni gundi ya uji wa muhogo, na hii mvua... Kanuni hairuhusu boksi bichi kutoka. Linaiaibisha wizara."

"Na likikauka?"

"Likikauka, limekauka, mama. Boksi lililokauka sharti liondoke na mtu. Ndiyo kanuni." Akampiga rungu moja la bega kwa ajili ya ukuta mtupu wa jikoni, akaaga vizuri, akaenda.

Tangu siku hiyo sikuwahi kumwona mtu anayependa mvua kama yule mama. Paa lake lilivuja kama chujio. Nyumba ya jirani ilibomoka ukuta, kuku wakazama, watu mtaa mzima wanaomba jua, na Bi Siwatu amesimama uani uso juu, anasema, "Nyesha, baba. Nyesha. Usisikilize hawa." Majirani walianza kumtazama vibaya.

Na alikuwa hatulii. Aliokota. Kila mvua ilipopungua alishika kikapu akapita njia ya maandamano kuokota makopo ya mabomu ya machozi na maganda ya risasi. Ukifikiri vizuri, hicho ndicho kifungashio pekee ambacho serikali ilikigawa bure, kwa wingi, tena ikakileta mpaka mlangoni. Mimi nilinoa mkasi, yeye akakata. Akatengeneza vyombo vya maua. Akatengeneza taa zenye matundu ya nyota. Maganda ya risasi akayatoboa akayatunga pazia la mlango, likawa linalia ting ting mtu akipita. Kwenye kopo moja lililobonyea akatengeneza chetezo cha kufukizia udi.

"Bi Siwatu," nikamwambia, "wataliona hili ni matusi."

"Waone wanavyoona. Nataka yule mkubwa wao aingie humu ndani aketi kwenye kigoda changu. Basi."

Nikaelewa, kwa sababu mila ya kule nilishaisikia. Mgeni mkubwa akija nyumbani hufukizwa udi. Anakaa kwenye kigoda, chetezo kati ya miguu, anafunikwa shali nzito kichwa mpaka chini, anavuta moshi mpaka aridhike, kisha mwenyewe ndani ya shali anatamka, "Nimenukia." Hapo anafunuliwa. Na akishanukia udi wa nyumba ile, amekuwa mtoto wa nyumba, na mwenye nyumba akimwomba jambo moja hawezi kukataa. Hata Mpambaji Mkuu. Hiyo mila ilimshinda, alijaribu kuifuta akaota vidonda mdomoni, akaiacha. Alichoweza ni kuongeza sheria: maana kuna mtumishi aliwahi kumfunua kabla ya kutamka, akamkuta amesinzia mate yanamtoka. Tangu hapo, atakayemfunua kiongozi kabla ya neno lake anakatwa mkono, na asiyemzuia mfunuaji anakatwa wake.

*

Kondo alipokuja kukagua tena alisimama mlangoni, pazia la maganda linamlilia mabegani, rungu limeinuliwa nusu. Ukuta mzima ulimeta.

"Mama Pazi, hivi hapa napiga au napiga saluti?"

"Kanuni inasemaje?"

"Inasema pambo litokane na kifungashio kilichoingia nyumbani kwa njia halali." Akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Na hivi viliingia kwa amri ya wizara. Halali zaidi ya hapo ipi?"

Akapiga saluti. Akaenda kuripoti. Kesho yake Jenerali Mkwaju alikuja mwenyewe, akazunguka sebule, akagusa kila kopo na kufuta machozi ya furaha.

"Mnaona?" akawaambia wapambe wake. "Wanasema risasi zetu zinapotea bure! Hii hapa! Inafika kwa mwananchi wa chini kabisa, anaipokea, anaipenda, anaiweka sebuleni! Mama, umeshinda tuzo ya taifa. Mpambaji Mkuu atakuja kwako."

"Atafukizwa?"

"Mama, huyo ni mgeni mkubwa kuliko wageni."

Bi Siwatu akainamisha kichwa kwa adabu. Nje mvua ilikuwa inaendelea.

*

Siku ya ugeni jua lilitoka. Si kijua cha kuchungulia, ni jua kamili, la kuanikia mpunga. Mtaa mzima ulishangilia. Bi Siwatu alilitazama kama mtu anavyomtazama anayekuja na panga.

"Kondo, huko Nyumba ya Urembo wameyatoa maboksi nje?"

"Wameyaanika tangu alfajiri, mama."

"Na lake?"

"Na lake."

Ikawa hivyo: ama mkubwa anukie mapema, ama gundi ikauke kwanza.

Msafara ulifika na honi na bendi, na redio ya taifa ikaweka kipaza sauti sebuleni ili nchi nzima isikie namna kiongozi wao anavyovuta pumzi. Mpambaji Mkuu alikuwa mtu mfupi, joho lake limeshonwa kwa pakiti za majani ya chai. Alikaa kigodani, akasema maneno mengi kuhusu taa ya yungiyungi. Bi Siwatu akaleta chetezo chake. Jenerali akakitazama akashtuka.

"Nini hiki? Bati la barabarani? Limebonyea! Mheshimiwa hawezi kunusa bati lililokanyagwa na wahuni." Akapiga kidole, mpambe akaleta kopo jipya kutoka ghala la silaha, limesuguliwa linang'aa, limebandikwa maua ya dhahabu. "Weka makaa juu ya hili."

Bi Siwatu alilipokea, akalipima mkononi.

"Jenerali," akasema polepole, "hili bado lina mzigo ndani."

"Mama, kitu cha serikali kina uzito wake."

"Baba, mimi haya makopo nimeyabeba kikapu kwa kikapu. Hili halijafanya kazi yake. Ukiliwekea moto..."

"Unanifundisha silaha?"

Hakuwa anajivuna bure. Maskini, maisha yake yote alikaa upande wa kurusha, hakuwahi hata siku moja kukaa upande wa kupokea. Makaa yakawekwa. Udi ukanyunyizwa. Shali ikateremshwa, nzito, nyeusi, mpaka sakafuni, na wapambe wakaikanyaga pembe zote moshi usipotee.

Bendi ikaanza taratibu. Kwanza tulisikia pumzi ndefu ya mtu anayeridhika. Kisha likatoka fyuuu, kama birika. Kisha kikohozi.

"Mheshimiwa anafurahi," mtangazaji akanong'ona kwenye kipaza sauti.

Shali ikaanza kurukaruka. Mguu mmoja ukatoka ukapiga sakafu, kiatu kikaruka. Ndani kulitoka sauti kama ya mbuzi, halafu kama ya mlango. Alikuwa anataka kutamka, unajua, alikuwa anatafuta lile neno, lakini neno linahitaji pumzi na pumzi ndiyo iliyomuua.

"Mfunueni!" Bi Siwatu akapiga kelele. "Mfunueni atakufa!"

Na aliyepiga kelele ile, tafadhali uelewe, ndiye mtu pekee katika nchi ile aliyetaka kwa moyo wake wote kwamba kiongozi aishi.

"Hajatamka," akasema Jenerali, macho yake mwenyewe yanatiririka.

"Hawezi kutamka!"

"Basi hajanukia."

Bi Siwatu akajitupa kwenye shali. Aliishika, akaivuta, na marungu yakamshukia, ya peremende, nyekundu na kijani na dhahabu. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Mimi nilifanya walichofanya wanaume wote pale, nililia, maana moshi ulikuwa umejaa sebule. Redio baadaye ilisema hakujawahi kutokea ugeni ulioliza watu vile.

Shali ikatulia. Bendi ikamaliza wimbo.

Hakuna aliyesogea. Kumfunua hawawezi, hajatamka. Kusema amekufa nani aanze, wakati redio iko hewani na majenerali wengine kila mmoja kambini kwake ametega sikio? Jenerali Mkwaju alifikiri haraka kuliko nilivyomdhania. Alipiga goti, akaweka sikio kwenye shali, akatikisa kichwa kama anayepokea maagizo.

"Mheshimiwa ananong'ona," akakiambia kipaza sauti. "Anasema udi ni mtamu, hataki kufunuliwa leo. Anasema amechoka kutawala peke yake. Anasema mimi... mimi, jamani, nisiyestahili... niamuru badala yake."

Wapambe wakapiga makofi na kukohoa.

Hapo Bi Siwatu akajiinua sakafuni. Damu kutoka kwenye nyusi ilikuwa imemfunga jicho moja, na mkono ulining'inia kama mkono wa koti. Akatambaa mpaka kwenye kigoda.

"Mwenye nyumba naye husikia," akasema. Akaweka sikio. Inzi alikuwa ameshatua kwenye shali. "Eee... Ndiyo, Mheshimiwa. Ahsante, Mheshimiwa." Akageukia kipaza sauti. "Anasema ombi langu amelikubali hata kabla ya kunukia, kwa jinsi alivyofurahi. Mwanangu Pazi aletwe hapa sasa hivi, kwa miguu yake. Jenerali, si nawe umemsikia anavyonong'ona?"

Sebule nzima ikamtazama Jenerali. Akifungua mdomo kusema maiti haiombwi wala haikubali, basi na yeye hakuagizwa kitu na mtu.

"Nimemsikia," akasema. "Ana sauti nzuri leo."

*

Pazi aliletwa kwa gari la jeshi, jua likiwa utosini. Aliteremka mwenyewe. Alikonda mpaka shati lilionekana la mtu mwingine, na mkono wa kushoto ulipungua vidole viwili, vimebaki huko kwenye taa ya ofisi fulani. Kwa ule wa kulia alikuwa amekumbatia boksi. Zuri sana, acha nikwambie. Lilikuwa na maua ya vizibo, baiskeli ndogo ya waya, na jina lake kwa herufi za bati.

Mama yake hakumkumbatia kwanza. Alilishika boksi.

"Limekauka," akasema.

"Leo asubuhi, mama. Siku zote nawaambia, afande, gundi haijakauka, afande, pitisha kidole uone. Usiku nalilambalamba. Leo jua limenishinda. Walikuwa wamekuja na kamba, redio ikasema jina langu."

Kondo akakohoa kwa adabu. Alikuwa amesimama mlangoni na askari wake.

"Samahanini wakubwa. Boksi limekauka, na limeshatoka nje ya Nyumba. Kanuni haina neno la kulirudisha tupu. Sharti liondoke na mtu."

"Ni la kwake huyu!" Jenerali akamnyooshea Pazi kidole, nafuu imemjia usoni. "Jina lake hilo hapo. Mheshimiwa aliamuru aletwe, ameletwa. Hakusema asirudishwe. Mchukueni."

Askari wakamshika Pazi makwapani. Pazi hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, angalia pembeni."

Bi Siwatu hakuangalia pembeni. Alirudi kwenye shali, akapiga magoti, akaweka sikio. Safari hii alisikiliza sana. Alisikiliza mpaka mtangazaji akaanza kupepesuka. Halafu akainua kichwa, na uso aliokuwa nao sikuwa nimeuona kwake, na sikupenda kuuona.

"Mheshimiwa anasema boksi ni la Jenerali."

"Muongo!" Jenerali akanguruma. "Muongo huyu! Mheshimiwa hawezi kusema..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini kipaza sauti kilishasikia.

"Hawezi kwa nini, Jenerali?" akauliza Kondo, kwa nia njema kabisa, anataka kujua tu.

Jenerali alitazama wapambe wake. Wapambe walitazama nyota za mabega yake, kila mmoja akichagua yake.

Kondo akamwachia Pazi, akajiweka sawa, akainua rungu.

"Shikamoo, Jenerali," akasema.

Sitaeleza yote. Jenerali alikuwa mtu mnene na kazi ilichukua muda. Walianza magoti, wakapanda juu. Karatasi za peremende ziliruka sebule nzima, zikaganda ukutani kwenye vyombo vya maua, nyekundu kwa nyekundu, mpaka hukujua ipi imeletwa na ipi imetokea hapo hapo. Mwishowe waliweka kwenye boksi viatu vyake, mkanda wake na nyota za makopo ya samaki, zilizokuwa zimebaki. Viatu havikuingia vizuri, Kondo akavikanyagia. Likaondoka kupelekwa kwa mkewe alipange sebuleni.

Watu walipoona boksi limetoka na Jenerali mwenyewe, uani palizuka mnong'ono. Halafu mmoja akasema, na mimi nataka kusikia Mheshimiwa anasemaje kuhusu shemeji yangu. Mwingine akasema, na mimi kuhusu mwenye nyumba wangu. Mtu akauliza kama kuna boksi la ziada.

"Amesema mwende nyumbani!" Bi Siwatu akawapigia kelele. "Nendeni mkalale!"

Hakuna aliyemsikia. Walishaanza kupanga foleni.

Sisi watatu tulitokea mlango wa jikoni. Gurudumu langu nililiacha, mkasi Bi Siwatu akaubeba kiunoni, na hakuchukua pambo hata moja. Pazi alimfunga mama yake mkono kwa kipande cha shati. Tulipofika kwenye mwinuko wa nje ya mji tuligeuka. Foleni ilikuwa imetoka uani, imepita sokoni, inaelekea barabara kuu, waume kwa wake, wametulia vizuri kama watu wanaosubiri mgao. Na kila mmoja alikuwa amekuja na boksi lake, limeshapambwa, amelishikilia juu kwa mikono miwili kulielekeza juani.

Bi Siwatu akaficha uso kwenye bega la mwanawe.

Tone la kwanza lilinipiga kwenye pua. Kisha wingu likajifunga kutoka upande wa mashamba, zito, jeusi, na mvua ikaja inakimbia juu ya mabati ya mji ule. Pazi akasimama katikati ya njia, mdomo wazi, maji yanamwingia, akahesabu vidole vyake vilivyobaki, akacheka.

"Twendeni haraka," akasema. "Leo halikauki hata moja."